Kampani haitupeleki tena: twende sisi wenyewe!



Mwaka ule mutoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka sita. Siku moja mama wa katekesimu aliwapa watoto makaratasi na kalamu za rangi, akawaambia wachore watu wa nyumbani kwao. Mutoto alirudia na karatasi yake. Alichora mama yake anapika bukari. Alichora yaya yake anapiga mupira. Alichora kambo chini ya muti wa maembe. Na kwa pembeni alichora kitanda, na mutu moja ndani ya kitanda, macho yamefungwa.

Nikamuuliza: "Huyu njo nani?"

Akanijibu bila woga: "Njo weye, papa. Weye unalalaka."

Mama yake alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni iliniuma, kwa sababu mutoto hakusema uongo. Ninafanya kazi ya posti, juma moja muchana, juma moja usiku. Wakati ninaingia nyumbani asubuhi, watoto wanatoka kwenda masomo. Wakati wanarudia, nimelala. Wakati ninaamuka, giza inaingia na gari ya kazi inapiga honi kwenye balabala. Na siku ya kupumzika? Ninakaa lupangoni na redio, ama ninaenda kuongea na wenzangu. Chakula niliwaletea watoto wangu, hata minerval nililipa. Lakini wao walinijua kama mutu wa kitanda.

Ninajua ya kama siko peke yangu. Katika miji yetu ya shaba, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, wababa wengi wako namna hii, na siku hizi hata wamama wengine. Kwa hiyo, katika wakati huu wa vakansi, tuongee juu ya jambo moja linaloonekana kuwa dogo: kutembea pamoja, jamaa nzima, kwenda pahali pa karibu. Hatusemi safari za wenye mali. Tunasema matembezi ya siku moja, kwa miguu, kwa kinga, ama kwa taksi-basi.

TULIZOEA KUPELEKWA

Wazee wetu wanakumbuka. Union Minière ilizaliwa mwaka wa 1906, na mwaka wa 1967 mali yake iliingia mikononi mwa serikali, ikawa ile kampani tuliyozoea kuita Gécamines. Ndani ya makambi, kampani ilitoa nyumba, unga, hospitali na masomo. Ilitoa hata furaha: serkle, sinema, kiwanja cha mupira, pisini, vakansi za watoto. Baba hakuhangaika kutafuta pahali pa kupeleka watoto wake. Kampani iliwaza kwa ajili yake.

Kisha mambo yaliharibika. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tone 400 000 za shaba kila mwaka. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 muchimo wa Kamoto, kule Kolwezi, ulianguka. Mwaka wa 1994 kampani haikufikisha hata tone 50 000. Na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitolewa katika kazi, wakapewa mafungu yao ya mwisho, wakarudia nyumbani.

Wakati ule tulilia juu ya mishahara, na ilikuwa haki yetu kulia. Lakini kulikuwa kitu kingine kilichokufa kimya kimya, bila mutu kukililia. Tuliona serkle imefungwa na maji ya pisini yamekauka, tukasema: "Sasa furaha imekwisha." Mpaka leo wazazi wengine wanawaambia watoto wao: "Ee, zamani! Kampani ilitupelekaka." Na watoto wanasikiliza tu, kama watu wanaosikiliza hadisi ya inchi nyingine.

Siku hizi kampani zingine zimekuja, na kamyo zimejaa barabarani. Lakini wafanyakazi wengi wana mapatano ya miezi michache tu, na serkle za zamani hazikurudia. Tutangoja mpaka wakati gani? Ndugu zangu, kampani ilitupeleka, ni kweli, na tunaishukuru. Lakini siyo kampani iliyoumba mito. Siyo yenyewe iliyoumba vilima na pori. Vile vyote vingali pale, na havingoji sahihi ya shefu wa kazi.

TULIANZA KWA MIGUU

Kwetu ni mama aliyeanza. Siku ya tano magaribi aliniambia: "Papa ya batoto, kesho siku ya posho hautalala. Tutatoka."

Nikamuuliza: "Na makuta iko wapi?"

Akajibu: "Miguu iko."

Tunakaa Lubumbashi. Basi siku ile tulienda zoo ya muji wetu, na pesa tuliyotoa ilikuwa ya mulangoni tu, kwa sababu chakula tulibeba kutoka nyumbani. Nilikuwa nimefika pale mara ya mwisho wakati ningali kijana. Katika miaka ya 1990 pahali pale paliteseka sana, nyama wengi walikufa, lakini baadaye watu walipatengeneza tena. Pale pale mwaka wa 2006 walianzisha kituo cha kulea watoto wa sokomutu wanaonyanganywa wafanya biashara wa haramu. Kituo kile kinaitwa J.A.C.K. Mutoto wangu aliuliza: "Mama yao iko wapi?" Nikamweleza ya kama kwa kukamata mutoto wa sokomutu, mara nyingi wawindaji wanaua mama yake kwanza, na hata wengine wa jamaa yake. Mutoto alinyamaza muda murefu. Kisha akasema: "Basi ile mutu iko mubaya." Hakuna mafundisho ya amri za Mungu niliyopata kumupa yaliyoingia vile.

Mwezi uliofuata tulienda muzé. Kijana wetu wa kwanza, mwenye miaka 17, alikuja kwa kulazimishwa, uso umekunjwa. Lakini mbele ya misalaba ya shaba alisimama. Ni vipande vya shaba vyenye sura ya musalaba, ambavyo wazee wetu waliyeyusha na kumimina katika udongo. Walivitumia kama feza, na kwa mali ya kuoa. Vingine vimekutwa ndani ya makaburi ya zamani kule Sanga, karibu na ziwa Kisale.

Kijana akasema: "Papa, shi banatuambiaka Bazungu njo balionyesha shaba?"

Nikamujibu: "Hapana, mwanangu. Mamia ya miaka mbele ya Union Minière, wazee walikuwa wanayeyusha shaba hapa. Walijua hata kilima gani kiko na shaba. Waliangalia majani." Na ni kweli: pahali udongo uko na shaba nyingi, miti mikubwa haioti vizuri, na kunaota majani na maua madogo yanayostahimili sumu ile. Ukipita porini na kuona kilima kisicho na miti katikati ya miti mingi, ujue ya kama wazee walikisoma mbele yako.

MAJI HAYA YANAENDAKA WAPI?

Siku nyingine tulienda tu ku mto Lubumbashi, kutazama maji. Mutoto wa mwisho alitupa jani ndani ya mto, akauliza: "Papa, ile maji inaendaka wapi?"

Mimi nimesoma, lakini nilikwama. Usiku ule, kazini, nilimuuliza mwenzangu mwenye kujua karte. Wazazi, musikilize, kwa sababu watoto wenu watawauliza pia. Mto Lubumbashi unaingia katika Kafubu. Kafubu inaingia katika Luapula. Luapula inaingia katika ziwa Moero. Kule Pweto maji yanatoka ziwani kwa jina la Luvua, yanaenda mpaka Ankoro, na pale yanakutana na Lualaba. Na Lualaba njo mto wetu mukubwa wa Kongo: inapita Kongolo, Kindu, Kisangani, inabadili jina, inapita Mbandaka na Kinshasa, mpaka bahari ya Atlantiki kule Banana.

Na ndugu zetu wa Likasi? Maji yao yanaenda katika Lufira, na Lufira inaingia katika Lualaba kwenye maziwa ya Upemba. Na wa Kolwezi wako karibu na Lualaba yenyewe. Kwa hiyo jani la mutoto wa Lubumbashi, jani la mutoto wa Likasi na jani la mutoto wa Kolwezi yanaweza kukutana Ankoro na kusafiri pamoja. Watoto wetu walipenda habari hii kupita sinema.

Halafu tukaenda Kipushi, karibu kilometa 30, kwa taksi-basi. Kwa nini Kipushi? Kwa sababu ya ajabu moja. Mwaka wa 1894 Uingereza na mufalme Leopold II walipatana juu ya mupaka. Upande huu wetu, mupaka unafuata mugongo wa inchi, pale maji yanapoachana. Mvua inayonyesha upande wa Kongo inashuka kwenda Kafubu, na mwisho inafika Atlantiki. Mvua inayonyesha upande wa Zambia inashuka kwenda Kafue, kisha Zambezi, na mwisho inafika bahari ya Hindi. Mawingu ni yale yale, na mvua ni moja. Hauhitaji kuvuka mupaka kwa kuwaonyesha watoto jambo hilo. Unasimama upande wako, unanyoosha mukono.

Watoto waliona pia mitambo ya Kipushi. Niliwaambia ya kama muchimo ule ulisimama mwaka wa 1993, na kazi ya kutoa zinki ilirudilia mwaka wa 2024. Zaidi ya miaka 30! Kuna watu waliozaliwa, wakasoma, wakaoa, wakati wote muchimo umelala.

KWENYE KICHUGUU

Sasa nitaeleza jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika haya yote.

Tukirudia kutoka Kipushi tulipumzika njiani, pembeni ya kichuguu kikubwa. Vichuguu hivi mumeviona kila pahali kandokando ya Lubumbashi, virefu kupita nyumba. Udongo wake njo watu wengi wanachomea matofali. Mwaka wa 2015 watafiti walitangaza ya kama walipima umri wa vichuguu vya upande wetu, na wakakuta vingine vyenye zaidi ya miaka 2 000. Yaani muchwa walianza kujenga karibu na wakati wa Bwana Yesu duniani, ama mbele yake, na watoto wa watoto wao walikaa mule mule.

Mama na wadogo walikuwa wanakula karanga. Kijana wetu alipanda juu ya kichuguu, nami nikapanda, nikihema. Tulikaa. Hatukutazamana, tulitazama njia. Kisha akasema pole pole: "Papa, minataka kuacha masomo. Benzangu banaenda ku kariera. Banapata falanga."

Moyo ulinishituka. Kule nyumbani ningepiga kelele, na yeye angetoka na kupiga mulango. Lakini juu ya kichuguu hakuna mulango. Nikamuuliza tu: "Unawaza vile tangu lini?"

Akajibu: "Tangu miezi mbili. Nilitaka kukuambia. Lakini weye uko paka unalala."

Hii ilikuwa mara ya pili kwa mutoto wangu kuniambia neno lile. Tuliongea muda murefu. Nilimweleza yale ninayoyajua juu ya mashimo: udongo unavyoanguka bila kupiga honi, falanga inavyoingia leo na kuisha kesho, na vijana niliowajua ambao hawakutoka. Yeye pia alinieleza yale nisiyoyajua: ya kama alifukuzwa masomoni mara mbili juu ya minerval niliyochelewa kulipa, na aliona haya kuniambia, ya kama alitaka kunisaidia, si kuniasi. Mimi nilizani kijana wangu amekuwa mukaidi. Kumbe alikuwa na huruma na baba yake.

Leo angali masomoni. Sisemi ya kama matembezi moja yalimaliza shida. Minerval ingali nzito, na wenzake wa kariera wangali wanamuita. Lakini tangu siku ile, akiwa na neno, ananiambia: "Papa, twende tutembee kidogo." Na mimi ninaelewa.

Tukumbuke wanafunzi wawili wa Emau katika Injili ya Luka, sura ya 24. Walikuwa na huzuni, wakaongea njiani, na Bwana akawafikia pale pale njiani. Kuna maneno ambayo hayatoki mezani ama sebuleni. Yanatoka wakati miguu inatembea.

KILA MUJI UNA PAHALI PAKE

Lubumbashi na Kipushi nimekwisha kueleza. Likasi iko karibu kilometa 120 kutoka Lubumbashi. Jamaa za kule zina Lufira na ziwa Tshangalele, lililozaliwa wakati walipojenga barrage ya Mwadingusha. Mitambo ya umeme ya pale ilianza kazi mwaka wa 1930. Kuna ndege wa maji wengi, na wavuvi wa Kapolowe ambao samaki wao munawajua sokoni. Mwaka wa 1982 UNESCO iliandika upande ule wa Lufira kuwa pahali pa kulindwa kwa ajili ya viumbe. Kama munataka kuona mitambo, muombe ruhusa mbele ya kwenda. Musifike tu mulangoni na watoto kumi.

Kolwezi iko na Lualaba, na ziwa Nzilo lililotokana na barrage ya miaka ya 1950. Kukaa kandokando ya maji makubwa na kula samaki wa kuchoma, hii peke yake ni sikukuu.

Na wenye nafasi zaidi, wenye gari nzuri na siku nyingi, wako na maporomoko ya Lofoi katika parke ya Kundelungu, ambapo maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja. Lakini ile ni safari kubwa, inaomba matayarisho. Usingoje Lofoi ndipo utoke na watoto. Anza na mto wa nyuma ya kartie.

Wakati gani ni muzuri? Kipwa, kutoka mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9, njia ni kavu, lakini asubuhi ya mwezi wa 6 na wa 7 baridi inauma, mubebe nguo. Mvua zikianza, pori iko na utajiri wake: masuku, na kisha buyoga. Lakini buyoga waachie wenye kuzijua. Mutu asiyejua anaweza kuua jamaa nzima kwa chakula kimoja.

ANGALISHO KWA WAZAZI

Inchi yetu ni nzuri, lakini imechimbwa sana. Tusijifanye vipofu.

Maji ya mashimo. Mashimo ya zamani yaliyojaa maji yana rangi nzuri, ya buluu ama ya kijani, na vijana wanapenda kuruka ndani. Kando zake zimesimama kama ukuta: ukiingia, hakuna pa kushika kwa kutoka. Musioge pale hata siku moja.

Mito inayopita viwanda. Mto Panda wa Likasi, kwa mufano, unapita karibu na viwanda mbele ya kuingia Lufira. Mwaka wa 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji walitangaza matokeo yao: walipima mukojo ya watu wanaokaa karibu na michimo na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti nyingi sana, na zaidi kwa watoto. Kwa hiyo musikae kwa kula pahali pa mavumbi ya mine ama karibu na malundo ya takataka za kiwanda. Muoshe mikono ya watoto mbele ya kula.

Maji yaliyosimama. Konokono wadogo wa maji wanaleta ugonjwa wa bilarzia. Na katika Lufira na Lualaba kuna mamba. Muulize wenyeji kwanza. Mvuvi anajua kupita karte.

Shinkolobwe. Musiende. Kutoka pale ilitoka uranium ya bomu zilizoanguka Japani mwaka wa 1945, na serikali ilifunga pahali pale mwaka wa 2004. Habari yake muwaeleze watoto nyumbani.

Barabara. Njia ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi imejaa kamyo za mizigo mizito. Musisafiri usiku. Musipande juu ya mizigo. Kama dreva amekunywa, mushuke, hata kama mumekwisha kulipa.

NAMNA YA KUJITAYARISHA

1. Chagueni siku pamoja, mwezi mbele, na muiandike ukutani. Baba mwenye posti aangalie programu yake. Siku ikiandikwa, ni ahadi.

2. Muweke falanga kidogo kila juma katika kopo moja. Watoto nao watie yao. Matembezi ambayo mutoto alitia mukono hatayasahau.

3. Chakula kitoke nyumbani: bukari na sombe, samaki mukavu, mayai, viazi vitamu, munkoyo. Mubebe bido ya maji yaliyochemshwa, mukeka, sabuni na kitambaa cha kufunga kidonda. Takataka murudilie nazo.

4. Musimuachie mama kazi yote. Kama mama anapika, anabeba, anaosha na kuchunga watoto wakati baba anakaa chini ya muti, basi haya si matembezi ya jamaa. Ni matembezi ya baba.

5. Mualike kambo. Yeye anajua majina ya miti. Na mualike mutoto moja wa jirani asiye na wazazi.

6. Muhesabu watoto mbele ya kutoka, na mbele ya kurudia. Yosefu na Maria walikuwa wazazi watakatifu, lakini wakitoka sikukuu ya Pasaka kule Yerusalema walitembea siku nzima wakizani Yesu yuko pamoja na jamaa na rafiki. Habari hii iko katika Luka, sura ya 2.

7. Simu ibaki mufukoni. Picha moja inatosha.

PUMZIKO LI NA BARAKA

Wengine watasema: "Mukristo wa kweli hana wakati wa kutembea tembea." Lakini tusome Marko, sura ya 6. Mitume walirudia kutoka kazini wamechoka, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawakupata. Bwana hakuwaongezea kazi. Aliwaalika waende kando, pahali pa utulivu, wapumzike kidogo. Kama mitume wake walihitaji pumziko, mufanyakazi wa posti ya usiku je?

Tarehe 1 mwezi wa 8, katika inchi yetu, ni sikukuu ya wazazi. Asubuhi tunaenda kutengeneza makaburi ya wazazi wetu waliokufa, na ni vizuri. Magaribi tukumbuke ya kama watoto wetu wangali na wazazi wazima. Baba, usilale siku ile. Uamuke, uvae viatu, na uwaambie: "Shi tuende."

MAULIZO YA KUONGEA NYUMBANI

– Watoto: kama mukichora jamaa yenu leo, baba anafanya nini katika picha? Na mama?

– Wazazi: ni lini mara ya mwisho mulitembea na mutoto wenu mukubwa, ninyi wawili tu?

– Vijana: kuna neno gani munalotaka kumuambia baba ama mama, ambalo halijapata nafasi?

– Jamaa nzima: maji ya mto wa karibu na nyumba yenu yanaenda wapi? Muende kuyaona, kisha muyafuate katika karte mpaka baharini.